Majeraha ya ukoo: Fasihi yetu yajua yanavyorithiwa, ila yaharakisha kuyaponya

KUNA methali ambazo sisi walimu wa Kiswahili tumezipenda kupita kiasi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Maji hufuata mkondo. Mwana hutazama kisogo cha nina. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Zote zinaimba wimbo mmoja: mtu ni alikotoka, na alikotoka hakukimbiliki. Mwombe mwanafunzi akupe methali inayosema kinyume, kwamba mtoto wa nyoka anaweza kuamua asimuume mtu, uone atakavyokuna kichwa mpaka kengele ilie.

Nasema haya kwa sababu siku hizi mazungumzo kuhusu majeraha ya ukoo yamejaa kila mahali. Utayasikia redioni asubuhi, mimbarini Jumapili na ndani ya matatu jioni. Vijana wanasema wanataka kukata mnyororo: babu alikuwa mlevi na mpigaji wa wake, baba vilevile, mimi nakataa. Ni mazungumzo mazuri. Ila huzungumzwa kana kwamba yameshuka na ndege juzi kutoka ng'ambo, ilhali fasihi ya Kiswahili imekuwa ikiyaandika kwa zaidi ya miaka 50. Swali la mhakiki basi ni hili: imeyaandika vipi? Jibu langu ni kwamba waandishi wetu ni mabingwa wa kuonyesha jeraha linavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Ila wakifika mahali pa kuliponya, wengi huharakisha. Hulifunga bendeji kabla ya kulisafisha. Na katika haraka hiyo, wanafanana mno na sisi wenyewe majumbani mwetu.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo ugumu unapoanzia. Neno linalotumiwa sana siku hizi ni kiwewe. Kwa maana yake ya kawaida, kiwewe ni kule kuchanganyikiwa kwa mtu aliyepatwa na hofu kubwa au mshtuko. Ni hali ya mtu mmoja, na yaelekea kuwa ya muda. Ukisema kiwewe cha vizazi, umelinyoosha neno mpaka linakaribia kukatika. Upande wa pili tuna laana, neno la wazee na la wahubiri. Laana inakubali kwamba jambo linaweza kupita katika ukoo mzima, na kwa hilo imeizidi kiwewe. Tatizo lake ni kwamba inampa kila mtu mwanya wa kuponyoka. Ikiwa ni laana, basi aliyempiga mkewe hakumpiga yeye, alipigishwa.

Mimi napendelea kitenzi tulicho nacho tayari. Tunasema mtoto amerithi shamba, amerithi cheo, amerithi hasira za babake. Kurithi ni kitenzi cha mpokeaji, na aliyempa hatajwi. Lakini kiweke kitenzi hicho katika kauli ya kutendesha, upate kurithisha, na papo hapo sentensi inadai mtu. Nani alirithisha? Tofauti hii ndogo ya kinyambuo ndiyo mizani nitakayotumia kupima kazi nne ambazo wasomaji wengi wa safu hii wanazijua.

Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971. Zakaria ni baba mlevi katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anadhani anamlinda. Kumbe anampanda hofu ya wanaume, na hofu hiyo, Rosa anapokwenda kusoma mahali ambako hakuna jicho la baba, inageuka kuwa kujitupa mikononi mwa kila anayemtaka. Mwishowe Rosa anajiua. Riwaya hii ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Waliopiga marufuku waliiona ngono. Sijui kama walimwona baba.

Jambo la kushangaza katika riwaya hiyo ni jinsi inavyoishia. Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu, wakilaumiana. Wengine wamekiona kipengele hiki kama cha kulazimishwa, kimeongezwa tu. Mimi nakiona kuwa ndicho kiini cha kitabu. Mazungumzo ambayo baba na binti walipaswa kuyafanya sebuleni Namagondo, Kezilahabi anayaweka ahera, kwa sababu katika ulimwengu wa riwaya yake hakuna kiti cha duniani ambacho wawili hao wangeweza kukalia na kuambiana. Hakutuponya. Lakini hakutudanganya pia.

Ya pili ni Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora. Hapa mchezo umo katika majina. Mtawala wa Sokomoko, mnyakuzi wa ardhi na mzinzi anayemtelekeza mtoto wake mchanga, anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, ni mlevi anayeiba mswada wa kijana na kuona haya kwa sababu ya wanawe wenye ulemavu. Baba yao ni Mwinyihatibu Mtembezi, na jina lenyewe limeshasema alikuwa mtu wa namna gani. Kwa hiyo Walibora anatupa vizazi viwili vya uharibifu, kisha anamleta Madhubuti, mwana wa Mtemi, aliyerudi kutoka masomoni Urusi. Madhubuti anakataa kazi ya mlango wa nyuma aliyotafutiwa na babake. Anaihama nyumba ya fahari, anakwenda kuishi na Amani, kijana mchunga ng'ombe wa babake.

Wanafunzi humpenda Madhubuti, na wana haki. Lakini tazama njia aliyoitumia: kuhama. Ugomvi wake na babake ni wa mali na madaraka, na Madhubuti anaushinda kwa kubeba vitu vyake na kutoka. Hii ndiyo njia ya Wakenya wengi. Kijana huondoka kijijini, akaenda Nairobi, akavuka hadi Marekani au Ghuba, akasema ameachana na mambo ya kwao. Kisha siku moja anamfokea mwanawe, na sauti inayotoka kinywani ni ya baba aliyemkimbia. Hasira haihitaji pasipoti. Kuhama ni hatua, na mara nyingine ni hatua ya kuokoa maisha, ila haitoshi kuitwa tiba.

Ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Riwaya hii, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018, ni ya nchi ya kubuni, lakini kila Mkenya anayeisoma anaujua moshi unaofuka katika kurasa zake za mwanzo. Ridhaa amepoteza jamaa zake katika moto uliowashwa na watu wa karibu baada ya uchaguzi. Hata hivyo, Matei hakuridhika kutuonyesha moto tu. Anarudi nyuma mpaka utotoni mwa Ridhaa, alipoitwa "mfuata mvua" na watoto wenzake shuleni, mtu wa kuja, asiye na kwao. Moto wa utu uzima ulikuwa umewashwa kwa neno la uwanja wa michezo. Huo ni uandishi wa hali ya juu.

Halafu kuna Sauna. Huyu ni mfanyakazi wa nyumbani anayewaiba Dick na Mwaliko, wadogo zake Umu, baada ya nyumba yao kusambaratika. Dick anaishia mikononi mwa Bi Kangara na kutumiwa kulangua dawa za kulevya. Ni uovu usio na kisingizio. Lakini Matei anatufungulia mlango wa nyuma ya uovu huo. Sauna alinajisiwa na babake wa kambo. Mamake alipojua, alimsaidia kuitoa mimba na kumtaka anyamaze, jina la nyumba lisichafuke. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu hakupita. Alikua, akaondoka, akaingia katika nyumba ya watu wengine kama yaya.

Sijui ukurasa mwingine katika riwaya zetu za shule unaoonyesha kurithisha kwa uwazi kuliko huu. Mtoto aliyenyimwa mlinzi anageuka kuwa mtu ambaye watoto hawana budi kulindwa dhidi yake. Wala si damu inayofanya kazi hapo, maana huyo baba hakuwa wa damu. Kilichorithishwa ni somo: kwamba mwili wa mtoto ni kitu cha kutumiwa, na kwamba watu wazima, wakijua, hunyamaza.

Sasa tazama yanayofuata. Umu anaasiliwa na Mwangeka na Apondi. Mwaliko anaasiliwa na Mwangemi na Neema. Dick anajitoa katika ulanguzi na kuanzisha biashara yake. Ndugu hao wanakutana tena, na hapo chozi linakuwa la heri. Sauna anafungwa jela. Kila mtoto mwema amepata nyumba mpya, na yule mtoto mwingine aliyeharibiwa, yaani Sauna, amepata seli. Mwandishi aliyejua kumweleza vizuri namna ile hakujua la kumfanyia. Hakuna anayerudi kwa mama yake kumuuliza kwa nini alifunika. Baba wa kambo haitwi mahali popote kujibu.

Nieleweke vizuri. Kuasili mtoto ni jambo jema, na Matei alifanya vyema kulitetea katika jamii ambayo bado hulinong'oneza. Jela nayo ndiyo haki yake mtu anayeuza watoto. Hoja yangu ni kwamba riwaya imetumia nyumba mpya kama dawa ya jeraha la nyumba ya zamani, na dawa hiyo haiishi kwenye chupa hiyo. Umu anayehamia kwa Apondi anahamia na usiku wake wote. Kurasa za usiku huo ni chache mno ukilinganisha na kurasa za sherehe.

Kuna watakaoniambia, "Profesa, hiyo ni riwaya ya shule, lazima iishe vizuri." Haya. Basi twende darasani tuone inavyosomwa. Mwanafunzi huulizwa aeleze sifa za Sauna, naye huandika: katili, mnafiki, mwenye tamaa. Alama tatu. Swali la pili: jadili maudhui ya malezi. Anaorodhesha malezi mema na malezi mabaya, anafunga kijitabu. Katika darasa la wanafunzi 50, huenda yupo msichana mmoja aliyeambiwa nyumbani anyamaze. Ameketi pale, anasikia mwenzake akisoma kwa sauti kwamba mtu kama yeye ni "katili, mnafiki, mwenye tamaa", mwalimu akiweka tiki. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kurithisha. Ameulizwa kuhusu sifa tu. Hapo uhakiki wetu umekuwa kombe jingine la kufunikia.

Kwa nini tunapenda kufunika? Sehemu ya jibu haimo katika familia moja moja, imo katika historia. Mau Mau iliendelea kuwa haramu katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Mtu aliyepitia kambi za kizuizini alilea watoto na wajukuu kwa miaka 40 huku kumbukumbu yake ikiwa na harufu ya jinai. Serikali ya Uingereza ilikuja kueleza majuto mwezi Juni 2013, ikakubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 pauni milioni 19.9. Wengi walikuwa wameshazikwa na simulizi zao. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imemkabidhi Rais ripoti yake kuhusu dhuluma zilizofanyika tangu uhuru, na ripoti hiyo imekaa rafuni zaidi ya ilivyojadiliwa. Nchi inayofunika namna hii itawafundishaje akina baba kufunua?

Lakini si kweli kwamba mila zetu zilijua kufunika tu. Wataita wana ibada inayoitwa kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliiandikia kitabu kizima, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka wa 1978. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu huweza kuwadhuru jamaa zake: mtoto akaugua, mifugo ikafa. Ikibainika ni hasira ya nani, mwenyewe huitwa. Hupiga funda la kinywaji, akalirusha nje kwa mdomo, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira ile na kuwatakia jamaa heri. Angalia anayeitwa hapo. Ni mwenye hasira, hata akiwa mkubwa wa nyumba. Mtoto mgonjwa hatakiwi kusamehe kwanza, wala kuhama, wala kutafutiwa wazazi wengine. Mwenye hasira ndiye anayefungua kinywa. Tukirudi kwenye sarufi yetu, kutasa ni ibada ya aliyerithisha.

Ndiyo maana kazi ya nne, tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo watahiniwa wameisoma miaka ya karibuni, nadhani imekwenda mbali kuliko zile nyingine tatu, ingawa haina kelele. Yona, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa mlevi aliyempiga mkewe Sara. Sababu zake tunazifahamu sote: ndoa ilichelewa kupata mtoto, kisha wakaja wasichana, kijiji kikacheka, na mwanamume aliyechekwa akatafuta mtu wa kumalizia kicheko hicho. Arege hamwombei radhi. Anamwacha azeeke, aache pombe, ajute, na ashike sufuria kumpikia mke mgonjwa katika jamii inayomwona mwanamume jikoni kama kituko.

Sufuria hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi za maridhiano. Yona hakuhama nyumba. Amebaki chini ya paa lilelile alikompigia Sara, na mikono ileile sasa inasonga ugali. Anavunja mila iliyomlea mbele ya macho ya wale wale waliomcheka, na kwa mara hii kicheko hakimgeuzi.

Na Arege ni mwangalifu zaidi ya hapo, kwa sababu hatuambii kwamba majuto ya baba yamewaponya mabinti. Neema anabeba mzigo wa matibabu ya mama mpaka ndoa yake inalia. Asna hataki kusikia habari ya kuolewa, kwa kuwa alichokiona kwa mamake kimemtosha. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwahi kuniuliza iwapo Asna ameukata mnyororo au ameuvaa kwa mtindo mwingine. Tulibishana saa nzima. Maoni yangu ni kwamba bado hatuwezi kujua, na tamthilia inafanya vizuri kutotujibu. Anayekataa ndoa kwa sababu amechagua maisha mengine yuko huru. Anayeikataa kwa sababu bado anasikia mlio wa kofi la babake, baba huyo bado ndiye anayemwamulia. Ni Asna pekee anayejua yuko wapi, na huenda hata yeye atahitaji miaka.

Bila shaka kuna pingamizi kubwa. Sio kila Yona huacha pombe. Wapo wazee watakaokufa wakikana, na wapo walioshakufa. Je, watoto wao wamehukumiwa kungoja ahera kama Rosa? Hapana. Mtoto hana budi kuanza safari yake bila ruhusa ya aliyemuumiza, na hakuna anayepaswa kumsukuma arudi kwenye nyumba iliyomjeruhi eti kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Lakini hata yeye atahitaji kufanya kazi ambayo mzee aliikwepa: kulitaja jambo kwa jina lake, mbele ya mtu mmoja anayesikiliza, ili siku atakapokuwa mzazi asijikute analipitisha kimyakimya. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndiyo. Ila kata ikinyamaza, kizazi kinachofuata kitaendelea kunywa maji yaleyale.

Kwa waandishi wanaochipuka nina ombi. Mmetuandikia vya kutosha namna mtoto anavyovunjika. Sasa tuandikieni kurasa ndefu za kupona, zenye kurudi nyuma, zenye usiku mbaya baada ya siku nzuri, zenye mama yake Sauna akiketishwa kwenye kigoda na kuulizwa. Msiziogope kurasa hizo kwa kudhani msomaji atachoka. Msomaji anaziishi.

Na kwa walimu wenzangu, jambo dogo tu la kufanya Jumatatu asubuhi. Kabla ya kuuliza sifa za Sauna, andikeni ubaoni: Nani alimrithisha Sauna, na nani angeweza kumzuia? Mpeni kila mwanafunzi muda wa kufikiri, wala msimshurutishe yeyote kujibu kwa sauti. Kisha msiondoke haraka darasani kengele ikilia.